Wavu wa mvuvi uliofichua aibu ya topido

Ukiteremka Dunga jioni, mwendo mfupi tu kutoka katikati ya Kisumu, utawakuta wavuvi wameketi kando ya mashua zao wakishona nyavu. Usiwapite haraka, msomaji. Mtazame mmoja wao anavyouinua wavu wake kuelekea kwenye mwanga, jicho moja amelifumba. Anatafuta matundu. Tundu likiwa juu, karibu na maboya, atakuambia kuwa injini ya mashua nyingine iliukata, au ulinaswa katika magugu-maji. Likiwa chini karibu na vizito, basi wavu umekwaruzwa na mwamba. Na likiwa katikati, tena kubwa la kutosha ng'ombe kupita, hapo hakuna haja ya kuuliza: kiboko alipita.

Wavu ni shahidi. Kila kitu kinachoupasua huacha alama palepale kilipopita, wala hauogopi cheo cha mtu.

Leo nataka kukusimulia jinsi wavu wa aina hiyo, ulionunuliwa kwa mvuvi wa Kireno huko Australia mwaka 1942, ulivyomaliza ubishi mkubwa kati ya manahodha waliokuwa vitani na wakubwa wao waliokuwa wakikaa ofisini. Ni habari ya silaha, naam, na huenda ukasema silaha haziwahusu watu wa Kisumu wanaojitafutia omena na mbuta. Subiri kidogo. Kabla hatujamaliza tutakuwa tumerudi papa hapa ufuoni.

Kumbuka pia kwamba ziwa letu halikusalimika na vita. Mwezi Juni mwaka 1915 wanajeshi wa Uingereza walipanda meli hapa Kisumu wakavuka kwenda kuushambulia mji wa Bukoba, uliokuwa wakati huo chini ya Wajerumani. Meli zilizojengwa kubebea pamba na abiria zilijikuta zimebeba askari na mizinga.

Kombora lililopita chini

Topido ni kombora linalosafiri ndani ya maji. Ina umbo la sigara kubwa yenye urefu wa mita sita na zaidi, ina injini yake, usukani wake, na kipimo kinachoiambia imezama kiasi gani. Mbele kabisa hukaa baruti pamoja na fataki ya kuilipua. Nyambizi huifyatua, nayo hujiendea yenyewe hadi kwenye meli ya adui.

Marekani ilipoingia katika Vita Vikuu vya Pili mwezi Desemba 1941, nyambizi zake zilibeba topido mpya iliyoitwa Mark 14. Ilisifiwa sana. Lakini manahodha walipofika baharini wakaanza kuona mambo ya ajabu. Walilenga vizuri, wakapiga hesabu zao sawasawa, wakafyatua, wakasubiri. Kimya. Meli ya adui ikaendelea na safari yake kana kwamba hakuna kilichotokea. Mbaya zaidi, topido hizo ziliacha mstari wa mapovu juu ya maji, na mstari huo ulimwonyesha adui mahali nyambizi ilipojificha. Hebu jiweke katika nafasi ya vijana hao, wamefungiwa ndani ya pipa la chuma chini ya bahari, silaha yao imekataa, na manowari za adui zinawajia.

Manahodha walilalamika. Idara ya silaha ya jeshi la wanamaji ikajibu kwamba topido hazina kasoro yoyote, kasoro ni shabaha mbovu ya manahodha wenyewe. Jibu la aina hii si geni kwetu. Nani asiyemjua fundi ambaye redio ikimshinda husema mwenye redio ndiye hajui kuiwasha?

Aliyekataa jibu hilo alikuwa Charles Lockwood, kamanda wa nyambizi za Marekani zilizokuwa na kituo chao Fremantle, magharibi mwa Australia. Tarehe 20 Juni 1942, katika ghuba ya Frenchman karibu na mji wa Albany, watu wake waliutandaza wavu wa mvuvi yule majini, kama unavyotandazwa wavu wa ngege. Kisha nyambizi ikafyatua topido kuuelekea. Topido iliwekwa isafiri futi 10 chini ya maji, yaani mita tatu hivi. Ilipokwisha kupita, mpiga mbizi akashuka kutafuta tundu. Alilikuta futi 25 chini, yaani mita saba na nusu!

Wakafyatua nyingine, na majibu yakawa ya namna ile ile. Silaha ilikuwa ikipita chini ya matumbo ya meli bila kuzigusa, na imefanya hivyo tangu siku ya kwanza ya vita. Idara ya silaha ilibisha kwanza, ikadai jaribio lilifanywa ovyo. Lockwood akarudia. Mwezi Agosti idara hiyo ikafanya majaribio yake yenyewe, ikakubali: topido zilikuwa zikizama futi kumi zaidi ya zilivyoagizwa.

Maji si baruti

Sasa swali ambalo kila mwanafunzi wa fizikia angepaswa kuuliza. Je, topido hizi hazikujaribiwa kabla ya kupelekwa vitani?

Zilijaribiwa. Hapo ndipo penye somo. Topido moja iligharimu dola 10,000 hivi, fedha nyingi sana katika miaka ya 1930 wakati uchumi wa dunia ulipokuwa umeanguka. Hakuna mkubwa aliyetaka kuzilipua. Kwa hiyo katika majaribio baruti iliondolewa, na mahali pake pakawekwa maji. Topido ikimaliza mbio zake, maji yale yalisukumwa nje kwa hewa, nayo ikaelea, ikaokotwa, ikatumiwa tena. Ujanja mzuri wa kubana matumizi. Lakini maji ni mepesi kuliko baruti. Topido ya majaribio ilikuwa nyepesi kuliko topido ya vita, na kilichokuwa kweli kwa moja hakikuwa kweli kwa nyingine.

Unaweza kujionea mwenyewe nyumbani. Chukua chupa mbili za plastiki zilizo sawa. Moja ijaze maji, uache hewa kidogo shingoni, uifunge. Nyingine ijaze mchanga uifunge vilevile. Zitie zote katika beseni au pipa. Ya maji itaelea karibu na uso wa maji, ya mchanga itakwenda chini. Ukubwa ni uleule, umbo ni lilelile, kizibo ni kilekile. Sasa fikiria mtu aliyeijaribu ile ya maji tu, kisha akaapa mbele ya watu kwamba chupa za aina hii hazizami.

Kulikuwa na kosa la pili, la hila zaidi. Kipimo cha kina kilikuwa kimewekwa sehemu ya nyuma ya topido, mahali ambapo maji yanayopita mbio hupunguza msukumo. Topido ikiwa imetulia, kipimo kilisema kweli. Ikikimbia, kilidanganyika kikadhani kiko juu kuliko kilivyokuwa, kikaielekeza topido ishuke zaidi. Huwezi kuligundua kosa kama hilo karakanani. Unaligundua kitu kikiwa kazini.

Hiki ndicho wataalamu wanachokiita uigaji. Ni kukifanya kitu kwa mfano kabla ya kukifanya kwa kweli: kwa kutumia maji badala ya baruti, kinyago badala ya mtu, hesabu badala ya mlipuko. Hakuna jeshi, wala kiwanda cha magari, wala shirika la ndege linaloweza kuishi bila uigaji. Kulipua kila kitu ili kujua kama kinalipuka ni ghali, na ni hatari. Lakini mfano ni mfano. Kila unapoweka maji mahali pa baruti umebadilisha jambo fulani, na kazi ya mtaalamu ni kujua amebadilisha nini.

Mara mbili hazitoshi

Futi zile kumi zilisahihishwa, lakini taabu haikuisha. Topido ilikuwa na fataki ya siri iliyotumia sumaku. Ilitakiwa kuhisi chuma cha meli na kulipuka chini ya tumbo lake bila hata kuigusa. Ilitunzwa kwa siri kubwa hata mabaharia waliokwenda nayo vitani hawakupewa maelezo kamili. Na unajua ilikuwa imejaribiwa kwa mlipuko wa kweli mara ngapi? Mwaka 1926, dhidi ya nyambizi kuukuu: mara mbili. Ya kwanza haikulipuka. Ya pili ililipuka, na watu wakapeana mikono.

Hapa vijana wachukue kalamu. Tuseme una silaha inayokataa mara moja katika kila mara mbili, sawa na sarafu inayorushwa. Ukiijaribu mara mbili, kuna nafasi moja kati ya nne kwamba itafaulu zote mbili, nawe utaipeleka vitani ukiimba. Ukiijaribu mara tatu, nafasi ya kukudanganya inashuka hadi moja kati ya nane. Ukiijaribu mara kumi, imebaki nafasi moja kati ya 1,024. Ndiyo maana mtu anayejaribu mara mbili halafu akasema amejaribu, hajasema kitu.

Mwezi Juni 1943 fataki za sumaku zilizimwa kwa amri ya Admeri Nimitz, mkuu wa wanamaji katika bahari ya Pasifiki. Ikabaki fataki ya kawaida, ya kugonga na kulipuka. Tarehe 24 Julai nyambizi iitwayo Tinosa ikaikuta meli kubwa ya Japani ya kubeba mafuta, Tonan Maru nambari 3, haina ulinzi. Topido za mwanzo ziliisimamisha. Ikawa inaelea tu, haisogei. Nahodha Dan Daspit akajiweka ubavuni mwake, mahali ambapo kila kitabu kilisema ndipo pazuri, akafyatua moja. Ikagonga bila kulipuka. Akaikagua iliyofuata, akaifyatua, nayo vivyo hivyo. Alifyatua topido 15 kwa jumla, akaandika kila moja katika daftari lake, na ya 16 akakataa kuitumia. Akarudi nayo kituoni Pearl Harbor, huko Hawaii, ili ifunguliwe.

Nampenda sana nahodha huyu. Katika hasira zote alizokuwa nazo, na bila shaka alikuwa nazo, alikumbuka kubakiza ushahidi.

Wakaenda kufyatua topido za kweli kwenye jabali la kisiwa cha Kahoolawe, huko huko Hawaii. Mbili zililipuka, ya tatu ikakataa. Sasa jiulize ungefanya nini. Chini ya maji kuna kombora lenye mamia ya kilo za baruti, fataki yake imekwisha kugonga, na hakuna anayejua kwa nini halijalipuka. Mpiga mbizi alishuka akalifunga kamba, likavutwa juu polepole. Likafunguliwa. Msumari wa fataki ulikuwa umekwenda, lakini kishindo cha kugonga kilikuwa kimeukwamisha, ukafika bila nguvu ya kutosha.

Baada ya hapo hawakutaka tena kuhatarisha mtu. Walichukua vichwa vya topido, wakatoa baruti, wakaacha fataki tu. Wakavipandisha kwa winchi hadi urefu wa futi 90, wakaviachia vianguke juu ya bamba la chuma. Kati ya kumi vilivyoanguka wima, saba vilikataa. Bamba lilipowekwa mshazari, nusu tu ndivyo vilivyokataa. Maana yake nini? Nahodha aliyelenga vizuri kabisa, ubavuni kwa pembe ya mraba kama alivyofundishwa, ndiye aliyekuwa na nafasi kubwa ya kushindwa. Amri ikatoka mara moja: lengeni mshazari. Na mafundi wa karakana pale pale wakachonga misumari mipya, myepesi na migumu zaidi. Fundi wa jua kali angewaelewa.

Tazama tofauti, msomaji. Maji badala ya baruti ndani ya topido ulikuwa uigaji mbaya, kwa sababu uzito ndio uliokuwa swali. Kutoa baruti na kuangusha fataki kwenye chuma ulikuwa uigaji mzuri, kwa sababu swali lilikuwa msumari, na msumari haujali kama nyuma yake kuna baruti au mchanga.

Kete za Monte Carlo

Mwaka 1946 mwanahisabati mmoja mzaliwa wa Poland, Stanislaw Ulam, alikuwa akipata nafuu baada ya ugonjwa. Alipitisha muda kwa kucheza karata peke yake. Akajiuliza kuna nafasi gani mchezo ukafaulu, akajaribu kupiga hesabu, ikamshinda. Ndipo likamjia wazo rahisi: kwa nini nisicheze mara mia moja, nikahesabu ni mara ngapi nimefaulu? Ulam alikuwa mmoja wa wataalamu wa mabomu ya nyuklia kule Los Alamos. Alimpelekea wazo hilo mwenzake John von Neumann, na njia hiyo ikapewa jina la Monte Carlo, mji unaojulikana kwa kamari. Walipopata mashine ya kucheza badala yao, yaani kompyuta kubwa iliyoitwa ENIAC, waliweza kuigiza ndani ya hesabu mambo ambayo hakuna mtu angeweza kusimama karibu nayo ayatazame.

Kwa wasichana wanaosoma ukurasa huu: waliokuwa wa kwanza kuipanga mashine hiyo ifanye kazi walikuwa wanawake sita, ambao hapo kabla walikuwa wakipiga hesabu za mizinga kwa mkono.

Njia yenyewe unaweza kuicheza mezani ukiwa na kete mbili. Tuseme, kwa mchezo tu, kwamba injini ya mashua huzimika mara moja katika kila safari sita, na dhoruba hutokea mara moja katika kila safari sita. Kila moja peke yake mvuvi huiweza. Zikija pamoja, ndiyo balaa. Rusha kete zote mbili: zote zikitoa moja, mashua imepatikana. Ni nafasi moja kati ya 36. Watu wengi hudhani basi kila mvuvi atapatikana mara moja katika safari 36. Jaribuni ninyi wenyewe na ndugu zako, kila mtu safari zake 36. Wako watakaomaliza bila kupata balaa hata mara moja. Ukicheza na watu 100, watakuwa kama 36. Wengine waliobaki wataipata mara moja, na wako watakaoipata mara mbili au tatu. Wale waliosalimika watakuambia wao ni wavuvi hodari.

Ziwa jingine, wavuvi wengine

Lakini kompyuta na kete hazijui kitu usichowaambia. Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni katika visiwa vya Bikini, bahari ya Pasifiki. Jaribio liliitwa Castle Bravo. Wataalamu walitarajia nguvu ya megatani sita hivi. Zikatoka 15.

Kosa lilikuwa nini? Ndani ya bomu mlikuwa na madini ya lithiamu ya aina mbili. Aina moja ilijulikana kwamba inachangia mlipuko. Ya pili ilihesabiwa kuwa imelala tu, haina kazi, kama mchanga katika unga. Katika joto lile la kutisha nayo ikaamka. Hesabu zote zilikuwa sawa, isipokuwa dhana moja ambayo hakuna aliyeijaribu.

Kabla ya jaribio eneo la hatari lilikuwa limechorwa kwenye ramani na kutangazwa. Nje ya mstari huo kulikuwa na meli ya wavuvi wa samaki wa jodari kutoka Japani, Daigo Fukuryu Maru, yenye watu 23. Waliona mwanga upande wa magharibi, kana kwamba jua linachomoza mahali lisipostahili. Baadaye majivu meupe yakaanza kuwaangukia, juu ya sitaha, juu ya nywele, juu ya samaki. Walikusanya kamba zao za kuvulia kwa saa kadhaa chini ya majivu hayo. Wote waliugua. Aikichi Kuboyama, aliyekuwa mtu wa redio wa meli, alifariki tarehe 23 Septemba mwaka huo. Kule Japani samaki walitupwa, na watu wakaogopa kula chakula walichokizoea tangu utotoni.

Majivu yaliangukia pia kisiwa cha Rongelap, ambako watoto waliyachezea. Watu wa Rongelap hawakuondolewa hadi siku mbili baadaye.

Wavuvi wale hawakuvunja sheria yoyote. Walikaa nje ya mstari. Mstari wenyewe ndio uliokuwa umechorwa kwa hesabu ya megatani sita.

Tangu siku zile wanaojaribu silaha wamejifunza kuuliza maswali zaidi ya lile la je, italipuka. Nguvu ikizidi mara mbili, nani yuko chini ya upepo? Isipolipuka, nani ataiokota? Hii ndiyo maana ya kudhibiti hatari. Hatari haiwezi kufutwa. Inapunguzwa, inasogezwa mbali na watu, na kinachobaki lazima kiwe na mtu mwenye jina lake anayekubali kukijibia.

Swali la kuokota tunalijua hapa Kenya. Katika nyanda za Archers Post, Samburu, na Dol Dol kule Laikipia, majeshi yamefanya mazoezi ya kupiga silaha kwa miaka mingi. Ardhi hiyo hiyo ndiyo malisho. Makombora yaliyokataa kulipuka yalibaki katika nyasi, na waliokutana nayo walikuwa wachungaji, wengi wao watoto. Mwaka 2002 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa Wasamburu na Wamaasai zaidi ya 200, waliojeruhiwa na jamaa za waliouawa. Walalamishi walitaka kujua kwa nini viwanja havikusafishwa baada ya mazoezi. Kwa maoni yangu hilo ni swali la hesabu kabla ya kuwa swali la sheria. Ukijua, kama walivyojua wale wa Pearl Harbor, kwamba sehemu fulani ya makombora hukataa, basi unajua siku ile ile ya zoezi kwamba umeacha mengine porini. Kahoolawe yenyewe, kisiwa kile cha jabali, iliendelea kupigwa mabomu hadi mwaka 1990. Ilisafishwa miaka mingi, na hata leo ziko sehemu ambazo mtu haruhusiwi kutembea.

Kwa mabomu ya nyuklia, dunia ilichagua njia ya uigaji karibu kabisa. Marekani ililipua la mwisho mwaka 1992, na mkataba wa kupiga marufuku majaribio yote ulifunguliwa mwaka 1996. Haujaanza kutumika kisheria kwa sababu nchi kadhaa hazijauridhia. Kenya iliuridhia mwaka 2000. Kuna kituo Kilimambogo, karibu na Thika, kinachosikiliza mitetemo ya ardhi usiku na mchana ili mtu akilipua bomu kwa siri popote duniani, ajulikane. Hicho nacho ni wavu.

Mashine ile ile

Nilikuahidi kwamba tutarudi Dunga.

Mwaka 1950 ile mashine ENIAC, iliyojengwa kwa ajili ya hesabu za mizinga na kutumiwa kwa hesabu za mabomu, iliazimwa kwa majuma machache na kundi la wataalamu wa hali ya hewa. Von Neumann alikuwa miongoni mwa waliolianzisha jambo hilo. Waliiuliza swali jipya: ukijua upepo wa leo, utaniambia upepo wa kesho? Mashine ilihitaji karibu saa 24 kutabiri saa 24, hivyo kesho ilikuwa karibu imefika kabla ya jibu. Lakini jibu lilifanana na ukweli. Utabiri wote wa kompyuta tunaousikia leo ni mjukuu wa jaribio hilo.

Na ni nani anayeuhitaji mjukuu huyo kuliko mvuvi wa Ziwa Victoria? Dhoruba za ziwa hili ni za usiku. Mchana nchi kavu hupata joto, upepo ukavuma kutoka ziwani. Usiku mambo hugeuka: ziwa linabaki na joto lake, upepo wa nchi kavu unashuka kutoka pande zote na kukutana katikati ya maji, mawingu yanapanda. Saa hizo ndizo ambazo taa za wavuvi wa omena zimetapakaa majini kama mji. Makadirio yanayotajwa sana husema kati ya watu 3,000 na 5,000 hufa katika ziwa hili kila mwaka, ukijumlisha nchi zote tatu.

Kuanzia mwaka 2017 mradi ulioitwa HIGHWAY, ulioongozwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani, uliunganisha idara za hali ya hewa za Afrika Mashariki ili kuwatolea wavuvi utabiri wao wenyewe, wa upepo na mawimbi, kwa sehemu mbalimbali za ziwa. Kompyuta huligawa anga katika miraba ya kilomita nne hivi na kuiga kinachotokea katika kila mraba. Matokeo hayaji kama ndiyo au hapana. Huja kama nafasi, kama zile kete. Habari huwafikia wavuvi kwa redio, zikiwemo za lugha ya Kiluo, na kwa viongozi wa ufuo.

Hapa ndipo kazi inapokuwa ngumu kwelikweli, maana mvuvi akiambiwa dhoruba inaweza kutokea, akabaki nyumbani, isitokee, watoto wamelala bila chakula na yeye amechekwa. Ikirudiwa mara tatu, hatasikiliza tena. Mkubwa wa silaha akikosea hesabu hulipa mtu mwingine. Mvuvi huzipiga hesabu zake mwenyewe, na hulipa mwenyewe.

Basi jioni ukiwa Dunga, angalia saa ya utabiri inapofika. Mtu mmoja hupandisha sauti ya redio, nyuzi za kushonea zinasimama kidogo. Kisha kila mmoja hugeuka akaitazama rangi ya mawingu juu ya milima ya Nandi, akalowesha kidole akakiinua kwenye upepo, akaitikisa tangi ya petroli kusikia imebaki kiasi gani. Wengine husukuma mashua majini. Wengine huukunja wavu wakaupeleka nyumbani, na matundu yake mawili hayajashonwa.